Kati ya Nani na Nini

Tafsiri ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya ilikuwa ya maneno matatu tu, na haikutoka kwa mwalimu yeyote wa kitivo hiki. Ilitoka kwa daktari. Alikuwa ameyaandika kwa kalamu ya bluu chini ya karatasi ya hospitali: "maladie métabolique héréditaire", kisha alama ya kuuliza. Mama mdogo aliileta karatasi hiyo kwetu Katuba jioni moja ya mwezi wa tano, akanikabidhi mbele ya watu wote waliokuwa wameketi chini ya mwembe, akasema: "Weye njo unasomaka luga. Utuambie inasema nini."

Nilikuwa mwaka wa pili. Katika somo la tafsiri nilikuwa nimepata alama 15 juu ya 20, na nilijiamini.

Kabla ya kueleza nilichojibu, yafaa nimweleze Plamedi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama mdogo. Alizaliwa mzima, akatambaa, akatembea, akaanza kusema kama watoto wengine wa mtaa. Alipotimiza miaka mitatu akaanza kuanguka bila sababu. Baadaye mikono yake ikawa inatetemeka kila aliposhika kijiko. Kisha maneno yakaanza kumtoka. Kwa kuwa ninasoma lugha, nililifuatilia jambo hilo kuliko nilivyotaka. Sentensi ndizo zilizotangulia kwenda. Yakafuata majina ya watu. Mwishoni yalibaki maneno mawili: "mayi", alipokuwa na kiu, na "yaya", ambalo ndilo aliloniitia mimi. Siku moja aliniangalia, akafungua mdomo, na neno halikutoka. Akaufunga tena.

Miezi michache baadaye mdogo wake, Merveille, akaanza kujikwaa.

Mtoto mmoja akiugua, jamaa husema ni malaria, ni homa ya uti wa mgongo, ni mapenzi ya Mungu. Watoto wawili wa tumbo moja wakiugua kwa namna ileile, swali hubadilika. Watu huacha kuuliza ni nini, wakaanza kuuliza ni nani. Tofauti ya maneno hayo mawili ni irabu moja tu, na irabu hiyo inaweza kuvunja nyumba.

Daktari aliwapima watoto wote wawili. Aliuliza maswali mengi kuhusu babu na nyanya wa kila upande, kisha akaandika maneno yake matatu. Alama ya kuuliza ilikuwa ya haki: vipimo vya kuthibitisha jambo kama hilo havikuwapo pale. Nami, badala ya kuiheshimu alama ile, niliisoma karatasi kwa sauti ya mwanafunzi anayejibu mtihani: "Ni ugonjwa wa ukoo. Watoto wameurithi." Neno la katikati, "métabolique", nililiruka, kwa sababu sikujua niliite nini. Alama ya kuuliza nayo niliiruka.

Kimya kikatanda. Mama mkwe wa mama mdogo, ambaye alikuwa amekuja kutoka Ruashi kusikiliza, akauliza: "Ukoo gani? Ku kwetu hakuna mutoto wa vile." Akanyamaza kidogo, kisha akamalizia: "Basi inatoka ku kwabo."

Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyemfukuza mtu. Juma moja baadaye mama mdogo alirudi kuishi kwetu, pamoja na watoto wawili na mifuko miwili ya nguo. Mume wake, ambaye ni fundi wa malori, alisema mkewe apumzike kwanza kwa mama yake. Sote tulijua ni pumziko la aina gani. Nkambo wangu, mama yake mama mdogo, hakunilaumu. Aliniuliza tu swali moja, usiku, tukiwa tunafunika makaa: "Ile karatasi ilisema vile vile?"

Sikuweza kulala. Nilichukua kamusi, nikafanya kile ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kufungua mdomo.

Kurithi, katika Kiswahili chetu, ni kupokea kitu cha mtu aliyekufa: nyumba, shamba, jina, hata mke katika desturi za zamani, na pia madeni. Anayerithi ana aliyemrithi. Kwa hiyo neno lenyewe, kabla hatujasema lingine lolote, linadai jina la mtu. Nililisema neno hilo nikitumaini kuwa linaeleza jambo la mwili. Wasikilizaji wangu walilisikia kama swali la baraza la urithi: nani kamwachia nani?

Na ukoo? Hapo kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Baba mdogo, mume wa mama mdogo, ni Muluba wa Katanga. Kwao mtoto ni wa ukoo wa baba. Sisi, upande wa mama, ni Babemba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Niliposema "ugonjwa wa ukoo", kila upande ulisikia kitu tofauti. Wa kwetu walisikia kwamba ninawataja wao, kwa kuwa watoto ni wao. Wa Ruashi walijua kwamba ukoo wao ni safi, hivyo doa lazima liwe limeingia pamoja na mwanamke aliyetoka nje. Maana mbili zilizopingana zikakutana mahali pamoja, juu ya kichwa cha mama mdogo. Daktari hakuwa ameandika lolote kati ya hayo.

Katika bweni ninakaa na rafiki anayesoma utabibu. Nilimweleza yaliyotokea. Hakucheka. Alinipa silabusi yake ya biokemia, akanionyesha sura inayohusu magonjwa ya aina hiyo, na humo nikakutana na mtu ambaye tangu siku hiyo namfikiria mara nyingi: Asbjørn Følling, wa Norway.

Følling alizaliwa mwaka 1888 katika familia ya wakulima. Alisoma kemia kwanza, kisha akasoma utabibu, na elimu hizo mbili zilimfaa baadaye. Mwaka 1934 alijiwa na mwanamke mmoja, Borgny Egeland, mama wa watoto wawili, Liv na Dag. Liv, msichana, alikuwa anakaribia miaka saba na alijua maneno machache tu. Dag alikuwa na miaka minne. Hakusema, hakutembea, hakuweza kujilisha. Wote wawili walikuwa wamezaliwa wakionekana wazima. Mama huyo alikuwa amekwenda kwa madaktari wengi, na hakuna aliyempa jibu. Alikuwa na maswali mawili yasiyomtoka. La kwanza: kwa nini watoto wake wako hivi? La pili: ile harufu ya ajabu, harufu ya kitu kilichovunda, ambayo aliisikia daima mwilini mwao na katika mkojo wao, ina uhusiano na ugonjwa?

Ni swali hilo la pili linalonigusa. Ni swali la mtu anayefua nepi. Mtaalamu angeweza kulipuuza kwa urahisi, kwa kuwa halikuwa katika vitabu, na aliyeliuliza hakuwa na cheo. Følling hakulipuuza. Alichukua mkojo wa watoto, akafanya vipimo vya kawaida, na vingi havikuonyesha kitu. Kisha akatia matone ya kloridi ya chuma, dawa ambayo madaktari wa wakati ule waliitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Mkojo wenye alama za kisukari ungegeuka kuwa wa rangi nyekundu ya kahawia. Huu uligeuka kuwa wa kijani kibichi, na baada ya dakika chache rangi ikafifia. Hakuwahi kuiona rangi hiyo.

Alimwomba mama aache kuwapa watoto dawa zozote kwa muda, ili ahakikishe kwamba rangi haitoki kwenye dawa. Ilibaki kijani. Basi mama akaanza kazi ya kubeba mkojo wa watoto wake hadi maabara, tena na tena, mpaka zaidi ya lita 20 zikatumika. Katika lita hizo Følling alisafisha, akachuja, akapata fuwele, na akazithibitisha kuwa ni asidi ya fenilpiruviki, kitu ambacho hakitarajiwi kuwamo katika mkojo wa mtu. Hakuishia hapo. Alipima mkojo wa watu 430 waliokuwa katika nyumba za kulelea wenye ulemavu wa akili, akapata wengine wanane wenye rangi ileile ya kijani. Baadhi yao walikuwa ndugu kwa ndugu. Mwaka uleule wa 1934 alichapisha matokeo yake.

Leo ugonjwa huo unaitwa fenilketonuria, jina alilolitoa mtafiti Mwingereza Lionel Penrose pamoja na mwenzake. Maelezo yake si magumu mtu akiyasema taratibu. Nyama, maziwa, mayai, maharage, vyakula vyote vyenye protini vina kitu kinachoitwa fenilalanini. Mwili unakihitaji, lakini kwa kiasi. Kinachozidi hugeuzwa kuwa kitu kingine na kimeng'enya kilicho katika ini. Mtu anayekosa kimeng'enya hicho hujaza fenilalanini katika damu yake kidogo kidogo, na ubongo wa mtoto mchanga hauwezi kuivumilia. Tumboni mtoto huwa salama, kwa maana mwili wa mama humfanyia kazi hiyo. Madhara huanza anapoanza kunyonya. Chakula kilekile kinachowajenga watoto wengine kinambomoa yeye, wala hakuna aliyekosea katika kumlisha.

Hiyo ndiyo maana ya neno nililoliruka! "Métabolique": mwili unapokea chakula lakini unashindwa kukigeuza inavyotakiwa. Niliiacha sehemu ya pekee ya karatasi iliyojibu "ni nini", nikawapa jamaa ile inayoweza kusikika kama "ni nani".

Nisingependa msomaji adhani kwamba swali la nani ni letu Waafrika peke yetu, na kwamba Ulaya wao waliuliza nini tangu mwanzo. Mwaka ule wa 1934 uliomwona Følling maabarani, ndio mwaka ambao nchi yake ilipitisha sheria ya kuwazuia baadhi ya watu wasizae, sheria iliyowalenga pia wenye ulemavu wa akili. Ujerumani ilikuwa imepitisha ya kwake mwaka 1933, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1934. Huko waliosakwa waliitwa wenye kasoro za kurithi, na walioandika orodha walikuwa watu waliosoma sana. Kwa hiyo neno "urithi" linaweza kuua kwa Kijerumani sawasawa na linavyoweza kufukuza kwa Kiswahili. Penrose, ambaye alichunguza jinsi ugonjwa huu unavyopita kutoka kwa wazazi, alikuwa kati ya wataalamu waliozipinga fikra hizo. Alionyesha kwamba wanaobeba ugonjwa huu bila kuugua ni wengi sana kuliko wanaougua, na ni watu wazima kama mimi na wewe. Kuwasaka wote ni upuuzi.

Watoto wa Borgny Egeland hawakuponywa na ugunduzi ulioanzia kwao. Ilichukua karibu miaka 20 kabla ya dawa ya kwanza, na dawa yenyewe ilikuwa chakula. Huko Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mama mwingine alimfuata daktari Horst Bickel kila asubuhi, akamsimamia mlangoni mwa maabara, akimdai amtafutie mtoto wake msaada. Alikuwa ameambiwa kwamba hakuna tiba, alikataa kuondoka. Bickel na wenzake wakatengeneza chakula kilichopunguzwa fenilalanini, na mtoto, aliyekuwa na miaka miwili hivi na asiyeweza kusimama, akaanza kuwa na nguvu na kuutazama ulimwengu. Ili kuhakikisha kwamba ni chakula kilichomsaidia, walirudisha fenilalanini katika chakula chake bila kumwambia mama. Mtoto akaporomoka, na mama akaona mara moja, kabla hajaambiwa lolote. Sijui kama ningeweza kuwasamehe. Lakini naona kwamba kwa mara ya pili katika historia ya ugonjwa huu, chombo cha kupimia kilichokuwa na uhakika kuliko vyote kilikuwa jicho la mama.

Baadaye Robert Guthrie, mtafiti wa bakteria huko Buffalo, Marekani, baba wa mtoto mwenye ulemavu wa akili na mjomba wa msichana mwenye fenilketonuria, aligundua namna ya kuupima ugonjwa kwa matone machache ya damu ya kisigino, yaliyokaushwa juu ya karatasi. Mwaka 1963 kipimo chake kilichapishwa. Tangu hapo, katika nchi nyingi, mtoto mchanga anapimwa katika siku zake za kwanza, na akikutwa na ugonjwa anaanza chakula chake maalumu mapema, anakua, anakwenda shule, anaoa au anaolewa.

Nilipomaliza kusoma hayo nilimwuliza rafiki yangu kama Plamedi na Merveille wana ugonjwa huo wa Norway. Alisema hapana, dalili hazifanani: watoto wale hawakuwahi kupata kile ambacho Plamedi alikuwa nacho na kukipoteza. Magonjwa ya aina hii ni mamia, kila moja na kimeng'enya chake. "Lakini ikiwa daktari ameona sawa," alisema, "njia ya kurithi ni ileile kwa mengi kati yao. Hapo ndipo ulipokosea kuliko mahali pote." Akanieleza. Nikamwambia arudie. Usiku ule niliandika upya tafsiri yangu, mara tatu, na mara zote tatu nikaisoma kwa nkambo mpaka aliponiambia kuwa sasa anasikia.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Ruashi: mimi, nkambo, na rafiki yangu wa utabibu, ambaye alivaa shati jeupe ili aheshimike. Nilibeba daftari mbili kuukuu. Baba mdogo alitupokea vizuri. Mama yake alikaa pembeni, mikono imefungwa.

Nilianza kwa kuomba radhi. Nilisema kwamba nilisoma vibaya, kwamba daktari hakutaja ukoo wa mtu yeyote, na kwamba aliweka alama ya kuuliza ambayo niliificha. Kisha nikazitoa daftari. Nilisema: kila mtu anazaliwa na daftari mbili za kuujenga mwili, moja amenakiliwa na baba, nyingine amenakiliwa na mama. Zinasema mambo yaleyale. Baba na mama nao walinakiliwa na wazazi wao, na hao na wazazi wao, mpaka huko nyuma. Anayenakili hukosea. Pengine miaka mia tatu iliyopita mstari mmoja ulirukwa, na tangu hapo kila anayenakili anauruka, kwa kuwa hauoni. Ukikosa mstari katika daftari moja, mwili unausoma katika ile nyingine, na wewe unaishi mzima, huna habari. Lakini baba mwenye daftari moja yenye pengo akimwoa mama mwenye daftari moja yenye pengo mahali palepale, mtoto anaweza kupewa zile mbili zenye pengo. Hapo mwili unatafuta mstari, unaukosa kote kote.

Nikazifungua daftari zote mbili katika ukurasa ule niliokuwa nimeukata. Mama mkwe aliinuka, akaja kutazama. Akauliza: "Nani alipasula?"

"Mama, mimi nimekata ili muone. Lakini katika mwili hakuna aliyekata. Na ona: lazima ziwe mbili. Daftari ya mama peke yake haiwezi kuleta ugonjwa huu. Ya baba peke yake haiwezi."

Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu. Kisha aliuliza swali ambalo nadhani lilikuwa linamsumbua tangu mwanzo, na ambalo katika kelele zetu zote za ukoo hakuna aliyempa nafasi ya kuliuliza. "Na tukizaa tena?" Rafiki yangu alimjibu kwamba, ikiwa daktari ameona sawa, kwa kila mimba kuna sehemu moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa, na sehemu tatu za kumpata asiyeugua, na kwamba mimba haikumbuki zilizopita, kwa hiyo watoto wawili wagonjwa hawalipii mzima wa tatu. Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Baba mdogo alitikisa kichwa kama mtu anayepokea bei ya kipuri: ni kubwa, lakini angalau ameijua.

Nkambo ndiye aliyefunga mazungumzo. Alisema: "Kumbe ni deni, lakini hakuna mwenye alikopaka."

Nimesoma tafsiri nyingi katika miaka yangu hapa, nzuri na mbaya. Sijaona nyingine iliyonishinda namna ile. Nkambo alichukua maana ileile ya urithi iliyokuwa imetuumiza, urithi wa madeni, akaondoa mkopaji ndani yake. Hakuwahi kusoma nadharia yoyote ya tafsiri.

Mama mdogo hakurudi Ruashi siku ile wala juma lile. Alirudi mwezi wa saba, mume wake alipokuja mwenyewe kumchukua na kulibeba begi la dawa za watoto kwa mkono wake. Mama mkwe hakusema lolote la kuomba radhi, ila alituma unga. Plamedi alikufa mwaka uliofuata, katika kiangazi, wakati wa baridi. Hakuna daftari iliyomponya, na nisingependa mtu amalize kusoma ukurasa huu akidhani kwamba maneno mazuri huponya.

Lakini usiku wa matanga mzee mmoja wa jamaa, aliyetoka mbali na asiyejua yaliyopita, alianza kwa sauti ya chini lile swali la zamani: mtoto huyu, je, ni nani aliyemla? Niliona mama mdogo akiinamisha kichwa. Kabla yeyote hajajibu, baba mdogo alisimama kati ya watu. Alisema: "Ni shiye bote babili. Na hakuna mwenye alijua." Akakaa. Mzee hakuendelea. Mama mdogo aliinua kichwa, akalia kilio cha mama aliyefiwa na mtoto, ambacho ni haki yake, na hakulia kilio cha mshitakiwa.

Tangu hapo nina daftari ya tatu, isiyo na pengo bado kwa sababu ni tupu karibu yote. Ninaandika humo maneno ambayo madaktari wa mji huu huwaambia wagonjwa kwa Kifaransa, na namna ambavyo watu wa nyumbani wanayasikia kwa Kiswahili. Rafiki yangu ananiletea maneno. Mimi ninayapeleka Katuba, nkambo anayapima. "Héréditaire" bado sijalifunga. Nimejaribu "wa kuzaliwa nao", lakini yapo magonjwa ya kuzaliwa nayo yasiyotoka kwa wazazi. Nimejaribu "wa damu", lakini watu wanafikiri UKIMWI. Sasa nimeandika, kwa penseli, "ugonjwa wa kunakiliwa kwa wazazi wote wawili", ambao ni mrefu na hauingii katika kamusi yoyote, na ambao unafaa kwa baadhi tu ya magonjwa hayo. Lakini hautaji mtu.

Wenzangu wa kitivo, tunapenda kulalamika kwamba nchi haijui sisi ni wa nini. Mwanasayansi kama Følling anaweza kutumia lita 20 kubadilisha "nani" kuwa "nini", kisha mwanafunzi mmoja aliyepata 15 juu ya 20 akaigeuza tena kuwa "nani" kwa sentensi moja, chini ya mwembe. Hiyo ndiyo kazi yetu, na ndivyo inavyoweza kuharibika. Aliye na neno bora kuliko langu la penseli, aje nalo. Niko maktaba kila Jumatano mchana, meza ya karibu na dirisha, na kifutio ninacho.